Mama Alipofunga kwa Ajili ya Baba

Pumzi ya mama ilinuka tufaha lililosahaulika kwenye begi la shule. Ndivyo ninavyoyakumbuka majira ya baridi ya mwaka niliotimiza miaka kumi, katika nyumba yetu ya ghorofani pale Hjulsta, Stockholm, mwisho wa reli ya buluu, ambako treni haina pa kwenda tena ila kurudi mjini. Harufu ile ilinifikia asubuhi, mama aliponiinamia kunifunga zipu ya koti. Ilikuwa tamu na kali kwa pamoja, yenye kuwasha pua kidogo, na kwa kuwa ilianza siku zilezile mama alipoanza kufunga, mimi niliamini kabisa kwamba ndiyo harufu ya maombi. Nilidhani mtu akiomba kwa moyo wote, kitu fulani ndani yake huiva hadi kikanukia. Nikawa ninamsogelea makusudi, jamani, ninainusa kwa furaha. Hakuna aliyeniambia kwamba ile ilikuwa harufu ya mwili unaojila wenyewe.

Mama alikuwa akifunga kwa ajili ya baba. Uswidi tulikuja wawili tu, mama na mimi, tukitokea kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Baba tulipotezana naye kule Burundi nikiwa bado ninabebwa mgongoni, na mama alikwisha kumlilia na kumaliza. Kisha jioni moja simu ikalia, sauti ya mwanamume ikataja jina ambalo mama aliitwa kwao alipokuwa mdogo, na mama akaketi sakafuni palepale penye viatu. Baba alikuwa hai! Yuko kambini, kulekule tulikotoka, amefika sisi tumeshaondoka. Tangu siku hiyo kila Jumamosi tulinunua kadi ya simu ya kukwangua, tukazungumza naye mpaka ikakatika katikati ya neno. Aliniita "mama", kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, akaniuliza kama theluji inauma, kama nimekuwa mrefu, kama ninamwombea. Nilimpenda bila kuujua uso wake. Ombi la kumleta lilikuwa ofisi ya uhamiaji, na ofisi haikusema ndiyo wala hapana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia kuliko yote lilikuwa la mama.

Kila Alhamisi jioni mama alikwenda Sundbyberg, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Waswidi, ambako kikundi cha akina mama wetu kiliruhusiwa kuomba baada ya wenyewe kumaliza mazoezi ya kwaya. Mimi nilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniangalia. Walikuwa Warundi, Wakongo, Watanzania wachache, na Kiswahili chao kilikuwa kimechanganyika kama sambusa za sherehe, huwezi kujua ndani kuna nini mpaka uonje. Aliyewaongoza ni Mama Furaha, mzaliwa wa Bukavu, mwanamke mwenye kifua kipana na machozi ya karibu, ambaye kila sala aliianza kwa "Bon, wapendwa", ile "haya basi" ya Kifaransa, kana kwamba Mungu naye ni mwanachama aliyechelewa. Utaratibu wao waliuita mnyororo. Mwenye shida hufunga kila siku, na wenzake hupokezana kumsindikiza, leo huyu, kesho yule, asibaki peke yake hata siku moja. Mnyororo haukatiki mpaka jibu lije. Akikatika mmoja, hasa mwenye shida mwenyewe, mambo yote yanaanza upya, au hayaanzi tena. Hilo la mwisho sikumbuki kama nililisikia au nililitunga mwenyewe, lakini nililiamini kuliko yote.

Walibishana, na mabishano yao yalinifurahisha. Kwao mfungo humalizika jua likizama, lakini Stockholm wakati wa baridi jua huzama saa tisa alasiri, kama mfanyakazi mvivu anayetoroka kazini. Dada mmoja wa Kitanzania akasema, basi, saa tisa tule, Mungu ndiye aliyelizamisha. Mama Furaha akamkata jicho. "Unataka kumfanyia Mungu ujanja? Tutafungua saa kumi na mbili jioni, kama nyumbani." Wakacheka, wakakubali, na mama yangu, aliyeamka alfajiri kwenda kusafisha ofisi za watu, akakubali kwa sauti kuliko wote. Hakuna chakula wala maji mpaka saa kumi na mbili. Mimi nami nilitaka kuwa pete moja ya mnyororo. Nikaapa kuacha pipi za Jumamosi, zile ambazo watoto wa Uswidi hujichagulia dukani kwa kijiko na mfuko. Niliweza mpaka saa nne asubuhi.

Sasa, mama alikuwa na kisukari, cha kujidunga sindano. Dawa yake ilikaa kwenye mlango wa friji, kando ya siagi, na nilizoea kumwona akijichoma tumboni huku ananiuliza kama nimepiga mswaki. Alipoanza kufunga aliacha. Nilimuuliza, akanijibu kwa upole kama mwalimu: "Sindano kazi yake ni kupigana na chakula. Mimi sili. Itapigana na nini?" Nikaona ni kweli tupu! Hata leo, nikiwa nimesoma ya kutosha kujua kwamba ndivyo watu wanavyokufa, bado naona jinsi hesabu ile ilivyokaa vizuri kwa mtu asiyeelezwa. Jirani yetu Bi Zuhura, Mwislamu wa Tanga aliyetuletea futari kila Ramadhani, alimwona ngazini amejishika ukuta anahema. Akamwambia, "Shoga, kwetu mgonjwa ana ruhusa. Hafungi, na Mungu hamdai." Mama akatabasamu kwa midomo iliyokauka. "Kwenu kuna ruhusa, Bi Zuhura. Kwetu kuna imani." Nilijivuna kwa jibu lile. Nilijivuna mno, nikalirudia kwa wanasesere wangu.

Lakini siku zikaenda na mama akapungua. Saa kumi na mbili ikigonga, alikimbilia bomba kabla ya uji, akanywa maji glasi baada ya glasi huku mengine yanamtiririka shingoni, kisha uji wenyewe ukamshinda, akautapika. Pete ya ndoa ikawa inamtoka, akaihamishia kidole gumba. Ile harufu ya tufaha ikajaa chumbani tulikolala. Mimi nikaanza kuogopa, na woga wangu ulikuwa na vichwa viwili. Nikimwomba ale, nikimwomba kweli, nilie, huenda akala, na baba asije. Nikinyamaza, baba atakuja, lakini atamkuta nani? Mtoto wa miaka kumi hana mahali pa kuliweka jambo kama hilo. Nililibeba shuleni, nikarudi nalo nyumbani. Na mama alikuwa ameniusia: mfungo ni siri yako na Baba yako wa mbinguni, unapaka mafuta, unanawa uso, unatoka kama aliyeshiba. Ukitangazwa kwa watu umekwisha, thawabu yake ndiyo hiyo uliyoipata.

Ikafika siku ya miadi kituo cha afya. Miadi ya Waswidi haikosekani, hata mama alilijua hilo, kwa hiyo akajipaka mafuta usoni, akavaa kitambaa chake cha kijani, akanichukua nikamtafsirie. Haki ya kupata mkalimani wa simu tulikuwa nayo, lakini mama hakumtaka. Wazungumzaji wa Kiswahili mjini hapa si wengi kiasi hicho, na mkalimani wa simu leo, Jumapili unamkuta kwenye benchi la mbele. Mficha maradhi kilio humuumbua, husema wahenga, nasi tulificha kwa bidii. Tukakaa ukumbini kungoja. Mama alikuwa anavuta pumzi ndefu, za haraka, kama aliyepanda ngazi zote za Hjulsta kwa mkupuo mmoja. Mlango wa nje ukafunguka, akaingia mzee mmoja wa Kiswidi na fimbo yake. Mama akamtazama, kisha akanigeukia, uso umemng'aa. "Baba yako amefika?" akaniuliza. Nikasema, "Mama, yule ni mzee tu." Akasema, "Mwambie avue viatu, sakafu nimepiga deki."

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyependa hata kidogo kuona mtoto akitafsiri. Alimchoma mama kidole, akatazama kipimo, akamchoma tena kingine. Akaniuliza kwa Kiswidi, polepole: mama anakula vizuri? Anajidunga sindano zake? Nikamgeuzia mama maswali. Akajitahidi kuketi wima. "Mwambie ninakula vizuri. Mwambie sindano sikosi." Nesi akanitazama mimi. Mama akanitazama mimi. Nilitaka baba. Nataka hilo lieleweke, nilimtaka baba yangu kwa tumbo na kwa mifupa, nilikwisha kumchagulia upande wa kitanda. Lakini mama alikuwa ameona mlango ukifunguka na kumwona asiyekuwepo, na mimi nilijua kwamba akienda huko alikoanza kwenda, nitabaki Hjulsta na sauti ya kwenye kadi ya simu. Nikasema kwa Kiswidi, haraka, kabla ulimi haujabadili nia: mama hali chakula, anafunga anaomba, na sindano ameziacha. Mama hakujua Kiswidi cha kutosha, lakini hakukihitaji. Aliusoma uso wa nesi ulipobadilika. Akafumba macho, akasema kwa sauti ndogo, "Umeukata."

Alilazwa. Madaktari walisema, na nikatafsiri hilo nalo mpaka mkalimani mtu mzima alipopatikana, kwamba angelala nyumbani usiku ule asingeamka. Mama Furaha alikuja hospitalini na theluji bado iko mabegani. Watu hupenda hadithi ambayo kiongozi wa maombi ndiye mbaya, lakini mimi siwezi kuwapa hiyo. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama mkono wenye mpira wa dripu, akalia kwa kwikwi. "Nani alikwambia uache dawa, mwanamke? Nani? Mbona hukutuambia unaumwa?" Mama akasema hakutaka imani yake ionekane ndogo. Mama Furaha akamwambia mgonjwa haulizwi uji, anapewa, na kuanzia siku hiyo yeye ale, wenzake watafunga badala yake mpaka jibu lije. Wakafunga kweli. Ninawaheshimu mpaka leo wanawake wale. Mama akashukuru, akanywa mchuzi wa hospitali kijiko kwa kijiko, lakini macho yake yalikuwa ukutani.

Jibu lilikuja kabla majani hayajachipua. Hapana. Tukakata rufaa, tukangoja, hapana tena. Baba akarudi Burundi, na baada ya muda, kwa kuwa mtu hawezi kuoa simu, akaoa. Ana watoto watatu nisiowahi kuwashika mkono. Hunipigia Krismasi, bado ananiita mama, na tunasalimiana vizuri kama watu wa ofisi moja. Mama hakunilaumu hata siku moja. Alinisuka nywele, alinifulia, alikuja kwenye mikutano ya wazazi na kutabasamu pasipo kuelewa. Lakini nilipokuwa nikikua nilimkasirikia Mungu kwa hasira ya ndani, ile isiyopiga kelele. Ni bei gani hiyo ya kumwekea mtoto? Niliacha kuomba nilipofika sekondari. Nikarudi, nikaacha tena. Watu wakiniuliza kama ninaamini, huwajibu kwamba inategemea wameniuliza siku gani.

Leo ninafundisha hesabu, ninaishi Sundbyberg, treni moja tu kutoka kwa mama, ambaye kamwe hajakubali kuhama Hjulsta. Mkononi ana kidude kilichobandikwa kwenye ngozi kinachopima sukari yake mchana kutwa, na ikishuka au ikipanda, simu yangu inalia katikati ya somo na wanafunzi wangu wanasema, "Mama yako huyo, mwalimu." Zamani mwili wa mama ulikuwa chumba kilichofungwa, nami nikinusa tundu la ufunguo. Sasa ninajua hata alipokula ndizi. Kikundi nacho kimekua. Matangazo ya mfungo huja kwa WhatsApp, na chini yake, kila mara, Mama Furaha huweka maneno yaleyale: wagonjwa, wajawazito na watoto hawafungi, na anayetumia dawa asiguse dawa yake bila daktari. Wapya hudhani ni kawaida ya kila kanisa.

Mwaka huu, Kwaresima ilipoanza, nilikwenda kwa mama Jumapili mchana. Alikuwa amepika wali na maharage kwa mawese, akajidunga sindano mezani bila kuona haya, tukasali, tukaanza kula. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamuuliza kama siku ile kituo cha afya alinikasirikia. Hakujifanya hajui siku ipi. Alitafuna, akameza, akapangusa mdomo kwa upande wa kiganja. "Ungenyamaza ningekufa," akasema. "Hilo ninalijua, mwanangu, na ninakushukuru." Nikashika kijiko. Ndipo akaongeza, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayekueleza njia ya kwenda stesheni: "Lakini baba yako angekuja."

Majibu nilikuwa nayo yote. Ningeweza kumweleza sheria ya uhamiaji ilivyokuwa wakati ule, vielelezo ambavyo baba hakuwa navyo, kwamba afisa aliyekataa hakujua kama kuna mtu Hjulsta amekula au amelala njaa. Nimeyafanyia mazoezi majibu hayo nusu ya maisha yangu. Nikamtazama usoni, nikaona ameyasema yote mawili kwa sababu anayaamini yote mawili, na ameishi nayo chini ya paa moja miaka yote hii akinisuka nywele. Nikamwongezea maharage. "Kula, mama," nikasema, "kinapoa." Akala.