Mti Tuliouita Mama Mkwe

Nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwetu Kongo mashariki, nilimvunjia heshima mkwe wa kijiji kizima. Mkwe huyo alikuwa mti. Ulisimama msituni nyuma ya mashamba. Majani yake machanga tuliyapika mboga, mbegu zake tulizikaanga na kuzitwanga. Jina ulikuwa nalo, ila halikutajwa. Tuliuita Mama Mkwe. Kwani kwetu nani humtaja mkwe wake kwa jina?

"Ukimtaja ovyo," bibi alituonya, "siku utakayomhitaji atakufunga mdomo."

Mimi mambo ya kufichaficha sikuyapenda tangu zamani. Nikamshuku bibi. Mbona sisi tunatishwa, halafu yeye kila asubuhi anarudi kutoka msituni na kikapu kimejaa? Jina nililidokoa kwa mjomba siku amelewa. Nikaenda mchana kweupe, nikasimama shinani, nikalipaza mara tatu. Tumbili mmoja tu alinitazama.

Nikarudi mbio. "Nimemtaja! Niko mzima! Unatudanganya ili ule peke yako!"

Bibi hakunipiga. Alinijaza mbegu za kukaanga kiganjani. "Basi kula, wewe mwenye mdomo." Ikaniuma kuliko fimbo.

Mwaka jana, mtaani Hallunda, huku Uswidi ninakoishi sasa, katika duka la Mkongomani mmoja, nikaona majani makavu kwenye mfuko usio na maandishi. Nikanusa. Harufu ilikuwa ile ile ya Mama Mkwe, lakini nikashuku: watu wenye hamu ya kwao huuziwa majani yoyote.

Binti yangu, niliyekuwa naye dukani na ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, siku hiyo akauliza kwa Kiswahili: "Mama, hii inaitwaje?"

Nikafungua mdomo. Jina halikuja.

Nikamgeukia mwenye duka kwa ukali. "Hii ni nini? Sema kweli."

"Ni ya kwetu, mama."

"Kwetu wapi? Jina lake?"

Akakuna kichwa, akaona haya. "Jina... Sisi tulikuwaka tunaita tu Mama Mukwe."

Hasira ikaniisha. Nikanunua mifuko miwili.

Siamini kwamba mti unaweza kumfunga mtu mdomo. Miaka mingi ya Kiswidi inatosha kwa kazi hiyo. Lakini niseme ilivyo: bibi hayupo, mjomba hayupo, na katika watoto wa nyumba ile ni mimi tu niliyewahi kulitamka jina lile. Kila nikiyapika majani yale, binti yangu hushika kijiko, akanitazama mdomoni, akangoja jina.