Shemeji Ajifunza Kumsimamisha Farasi

Mume wa dada yangu ni mtu wa kupenda kutazamwa. Mwanawe alipokaribia kuoa, alitangaza kwamba msafara wa bwana harusi angeuongoza yeye mwenyewe, juu ya farasi, na kwamba angesimama mbele ya wakwe wote wakimwona. Farasi hakuwa naye. Mwenye farasi ni mimi, ninawakodisha kwa wageni ufukweni hapa Bagamoyo. Dada aliniomba nimfundishe mumewe, nami nikakubali kwa ajili ya dada.

Kupanda alipanda. Kwenda, farasi alikwenda mwenyewe. Kazi ilikuwa kusimama. Shemeji alivuta hatamu kwa mikono miwili kama anayeopoa ng'ombe kisimani, farasi akaachama kinywa na kuendelea na safari yake.

"Farasi wako kiziwi, shemeji," aliniambia.

"Unamwomba wakati mbaya. Sikiliza nyonga zako. Ikishuka ya upande mmoja, mguu wake wa nyuma wa upande huo uko hewani. Hapo toa pumzi, funga vidole kwenye hatamu, naye akiutua chini atasimama. Akisimama tu, legeza."

"Nimeendesha malori miaka mingi. Breki ni breki."

Wiki nzima nilitembea kando yake mchangani nikimwambia "sasa", naye akivuta "sasa" ikiwa imeshapita, kwa sababu kwanza alitaka kumaliza alichokuwa akikisema. Alikuwa na mengi ya kusema.

Asubuhi moja akapaliwa na mate, akanyamaza. Nikasema "sasa", akafunga vidole kwa wakati wake, na farasi akasimama vizuri, ametulia. Hata mimi nilifurahi.

"Legeza," nikamwambia.

Hakulegeza. Alizidi kuvuta huku akiangaza macho kutafuta aliyemwona, mpaka farasi akaanza kurudi kinyumenyume, kichwa juu, povu lenye damu mdomoni.

Nilimwambia ashuke.

"Lakini si amesimama?"

"Amesimama, na wewe umemwadhibu kwa kusimama. Shuka, shemeji."

Msafara aliuongoza kwa gari la kukodi, akiwaambia wakwe kwamba farasi wake anaumwa. Farasi wake! Dada alinitazama, mimi nikaendelea kula pilau.

Kwa miezi kadhaa baadaye, kila nilipompanda na kutoa pumzi ili asimame, yule farasi aliinua kichwa akingoja kuumizwa. Nikawa namlegezea hata kabla hajamaliza kusimama, hadi alipoanza tena kuuamini mkono wa mtu.