Kamba kwenye Mdomo wa Shimo

Katika kanisa la Wakongomani pale Frogtown, mtaa wa Saint Paul, ukiita "Mama Joyeuse", ataitika Goretti. Kila mtu amezoea hivyo. Wanajua fika kwamba Joyeuse alitoka tumboni mwa Bernardine, yule mwanamke mrefu anayekaa benchi la mwisho na kuondoka kabla ya chai. Wanajua, na bado jina wamempa Goretti. Ukiuliza, watakwambia mtoto ni wa aliyemlea. Hakuna atakayekwambia ilikuwaje mtoto akalelewa na mwingine ilhali mama yake yu hai.

Bernardine ni mfuaji. Anafanya kazi chini kabisa ya hospitali moja ya Minneapolis, mahali pasipo na dirisha, ambako mashuka ya wagonjwa huletwa kwa mikokoteni yakiwa na damu na kila kinachotoka mwilini mwa mtu. Hakusoma. Jina lake analiandika polepole kama mtu anayechora ng'ombe. Kabla ya hapo alikuwa katika kambi ya wakimbizi, anatafuta kuni. Na kabla ya kambi alikuwa milimani kwao, Kivu ya Kusini, anatwanga mawe. Wanaume walishuka shimoni na kutoa mawe yenye dhahabu. Wanawake waliyatwanga kwa mchi wa chuma mpaka yakawa unga, kutwa nzima, vumbi likiwajaa hadi kwenye kope. Kikohozi alichonacho hakikuanzia kwenye baridi ya Minnesota.

Mumewe, Habimana, alifia shimoni. Ardhi ilimfunika, hata maiti haikutolewa. Ndugu zake walisema Bernardine ndiye aliyemuua, wakamfukuza, wakabaki na mtoto ambaye alikuwa hajaweza hata kujivalisha kandambili. Vita vilipokuja, Mugabo, mdogo wake Habimana, alikimbia na mkewe Goretti wakiwa na Joyeuse mgongoni. Bernardine alikimbilia kwingine peke yake. Miaka ikapita. Alipoletwa Marekani alipelekwa jimbo lingine kabisa, na aliposikia kwa watu kwamba familia ya Mugabo iko Saint Paul, akapanda basi akiwa na begi moja. Joyeuse alimpokea mlangoni kwa adabu, kama unavyompokea mgeni wa kanisa. Tangu siku hiyo anamwita "Mama Bernardine". Goretti anamwita "Mama" tu.

Sasa Joyeuse alikuwa anaolewa Oktoba. Mchumba wake, Timothy, ni Mkenya, muuguzi, kijana mwenye kicheko cha karibu. Na kwa desturi yao, siku ya harusi mama wa bibi arusi hukalishwa mbele, watu wa upande wa bwana arusi wakija na kitenge kipya na kumfunga kiunoni mbele ya macho ya wote. Akishafungwa, maneno yamekwisha. Huyo ndiye mama. Bernardine hakuwa na haja ya nyama wala keki. Alitaka kile kitenge. Alipomuuliza Joyeuse, binti aliangalia simu yake, akasema, "Tutaongea, Mama Bernardine."

Hawakuongea. Badala yake Timothy aliwaalika wote safari, sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba. Alipenda kutembelea miji iliyokufa, na alikuwa amesoma habari za mmoja uitwao Tolliver, huko magharibi, kwenye Milima Myeusi ya Dakota.

"Mum, na wewe unakuja," alimwambia Bernardine. "Nataka niwajue wote vizuri kabla hamjanimaliza na mahari."

"Wakikumaliza hao, mimi sitaonja hata mfupa," Bernardine akajibu.

Timothy alicheka. Alidhani ni utani.

Mugabo ndiye aliyeendesha gari, Goretti pembeni yake, wachumba katikati, na Bernardine nyuma kabisa pamoja na mablanketi na sanduku la barafu lenye kuku. Barabara ilinyooka mashambani saa baada ya saa mpaka macho yakachoka.

"Bernardine!" Goretti aliita bila kugeuka. "Unakaa vizuri huko na kuku?"

"Vizuri sana. Kuku hana maneno."

Walilala katika nyumba ya kukodi, na asubuhi wakapanda mlima. Tolliver ilikuwa bondeni, kati ya misonobari myeusi. Nyumba za mbao zilikuwa zimeinama kama walevi wanaoshikana wasianguke. Mti ulikuwa umeota ndani ya moja, ukatokea paani. Kulikuwa na kanisa lisilo na sakafu, na duka ambalo rafu zake bado zilikuwa zimepigiliwa ukutani zikingoja bidhaa. Upepo ulipita mlango huu ukatokea ule, kama mwenye nyumba.

"Oneni hii!" Timothy alikuwa anaruka kutoka kizingiti hadi kizingiti. "Zamani za akina babu wa babu, hapa palikuwa na watu kibao. Hoteli, baa, kila kitu. Dhahabu ikaisha, wakahama, wakaacha mpaka sahani mezani."

"Aliyeacha sahani mezani hakuhama," Goretti akasema. "Alikimbia."

Bernardine hakuwa akisikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya banda kubwa ambalo nusu yake ilikuwa imeporomoka. Ndani yake vyuma virefu vilisimama kwa mstari, kila kimoja kikiwa na kichwa kizito chini, na juu yake gurudumu lenye kutu.

"Hii ilikuwa mashine ya kupondaponda mawe, Mum," Timothy akamweleza.

"Ni michi," akasema.

Aliigusa. Ilikuwa baridi. Aliwaza jinsi ilivyolia enzi zake, bonde zima likitetemeka, na wanawake wa mji huu wakilala na kuamka ndani ya sauti hiyo. Halafu mawe yakaisha, pakawa kimya, na kimya kile ndicho walichokuwa wanakitembelea wao leo na kukipiga picha. Kikohozi kikamshika. Joyeuse alimletea chupa ya maji, akasimama naye kidogo, akarudi kwa mchumba wake.

Njia ilipanda mpaka kwenye mdomo wa shimo. Halikuwa shimo la kwenda chini. Liliingia ubavuni mwa mlima kama mlango wa ghala, na magogo makubwa yalisimama huku na huku kushikilia dari. Ndani kidogo palikuwa na nondo za kuzuia watu. Na mbele ya nondo, kutoka gogo hadi gogo, walikuwa wamefunga kamba.

"Mum, simama hapo, karibu na kamba," Timothy akasema akiinua simu. "Hapo mwanga ni poa."

Bernardine alisogea. Akaweka mkono juu ya kamba.

"Mama Joyeuse!" sauti ilipasuka nyuma yake. "Rudi! Rudi nyuma! Mama Joyeuse!"

Alikuwa Mugabo. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na mikono ameitanua kama anayezuia ng'ombe.

Goretti alikuwa chini kwenye njia, amekaa juu ya gogo, anatoa kokoto kwenye kiatu. "Mimi niko huku," akasema kwa mshangao.

Mugabo hakumwangalia. Macho yake yalikuwa kwa Bernardine.

Lazima mtu aelewe kamba ile ni nini kwao. Kule kwenye machimbo, kila shimo lina kamba mdomoni, na mwanamke haivuki. Wanasema dhahabu ina wivu. Mwanamke akikaribia, inakimbia, na shimo linajifunga juu ya waliomo. Wanawake huacha chakula kwenye kamba na kurudi kwenye mawe yao. Hata mtoto wa kike anayecheza hujua hilo kabla hajajua kuhesabu.

"Uncle, hata huku Dakota?" Timothy akacheka. "Dhahabu yenyewe iliisha kitambo."

"Cheka tu, mwanangu," Goretti akasema akija juu na kiatu kimoja mkononi. "Baba wa huyu mchumba wako alikufa kwa ajili ya mwanamke asiyejua kamba. Alivuka mbele ya watu wote. Hata dakika haikupita."

Joyeuse alisema kitu kwa Kiingereza, haraka, kama afanyavyo akikasirika. Bernardine alielewa neno moja tu, lile la kusema inatosha.

Bernardine hakuondoa mkono. Kwa miaka yote ile alikuwa amelimeza neno hili kama mtu anayemeza mate. Leo lilikataa kushuka.

"Mugabo. Waambie kwa nini nilivuka."

"Shemeji, tuyaache. Tumekuja kutembea."

"Sasa nimekuwa shemeji. Hivi punde nilikuwa Mama Joyeuse."

Mugabo alivua kofia.

"Basi nitasema mimi. Joyeuse, sikiliza, na usijibu kwa Kizungu. Nguzo za shimo la baba yako tulizibeba mabegani mimi na yeye kutoka msituni. Mimi ndiye niliyemenya maganda, kwa panga langu lililovunjika ncha, na kila mti ulibaki na mikwaruzo ya panga lile. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na panga kama hilo. Asubuhi ile napita na chakula, naona miti yangu imelala kando ya shimo jipya la baba yako mdogo. Ina tope bichi. Imetoka chini. Na mume wangu yuko chini."

Upepo ulipita. Timothy alikuwa ameshusha simu.

"Nilikimbia. Kwenye kamba wakanishika. Wakasema, mwanamke, semea hapo hapo. Nikapiga kelele mpaka nikatema damu, lakini sauti haifiki kule chini. Nikavuka. Mguu mmoja tu, na ardhi ikaenda. Watu wote waliuona mguu wangu. Miti hakuna aliyeiona, maana kabla ya jioni ilikuwa imeshashushwa kwenye shimo lako, Mugabo."

Joyeuse aligeuka kwa yule aliyemwita baba maisha yake yote. Aliuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Baba. Uliitoa?"

Mugabo alikuwa anaangalia magogo ya Tolliver. Yalikuwa yamesimama zaidi ya umri wa mtu yeyote pale, na hakuna aliyeyagusa.

"Kila mtu alikuwa anatoa," akasema hatimaye. "Msitu ulikuwa umeisha. Mti ulikuwa unatafutwa mbali. Nilidhani ile njia ya zamani kule chini imekufa, hakuna anayepita."

"Na wakamfukuza mama."

"Watu walikuwa wameshasema. Watu wakishasema..." Hakumaliza. Alikaa chini palepale kwenye changarawe, mtu mzima, kofia mkononi.

Goretti alibaki amesimama na kiatu chake. Ilionekana wazi kwamba hakuwa akijua. "Uliniambia ni mguu," alimwambia mumewe. "Miaka yote hii umeniambia ni mguu." Kisha akamgeukia Bernardine, na uso uliokuwa unaanza kulainika ukakaza tena. "Hata hivyo. Joyeuse alipopata surua kambini, nani alikesha naye? Wewe ulikuwa wapi?"

"Pale mliponifukuzia."

Walishuka wakipita kwenye nyumba zilizoinama, na hakuna aliyepiga picha tena. Yule kuku wa kwenye sanduku walimrudisha bila kumla.

Kesho yake, njiani kurudi, walisimama kutia mafuta. Joyeuse alimfuata Bernardine kwenye kona ya duka, karibu na mashine ya kahawa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Bernardine. Nakuamini."

Bernardine alisubiri. Alijua sauti ya neno ambalo bado lina mkia.

"Lakini Mama Goretti ameshashona nguo. Ameshawaambia wanawake wote wa kanisa. Nikimwinua pale mbele, itamuua. Unaona jinsi alivyo tangu jana, hali chakula, halali usingizi."

"Na mimi?"

"Wewe una nguvu," Joyeuse akasema, na alisema kwa upendo, ndiyo maana iliuma zaidi.

Mwenye nguvu ndivyo anavyolipwa. Anaongezewa mzigo, kisha anasifiwa anavyoubeba. Bernardine alinunua kahawa asiyoitaka, akarudi kukaa nyuma na sanduku la barafu.

Harusi ilikuwa kubwa. Ukumbi ulijaa Wakenya na Wakongomani, kila upande ukiona chakula cha wenzao hakina chumvi. Bernardine alikaa karibu na mlango wa jikoni, mahali wanapopita wenye sinia. Wakati ulipofika, wanawake wa upande wa Timothy waliingia wakicheza, kitenge kimekunjwa juu ya sahani, wakaenda moja kwa moja mbele, wakamfunga Goretti. Goretti alilia. Hakuinua macho kuangalia upande wa jikoni. Mugabo naye, aliyekuwa amevaa suti, aliangalia viatu vyake mwanzo hadi mwisho kama vimeandikwa kitu. Vigelegele vikapigwa. Bernardine alijaribu kupiga, kikohozi kikamkata.

Waliokuwa wanagawa chakula walimpita mara mbili wakimdhania ni mmoja wa wapishi. Hakuwaita.

Baadaye Joyeuse alizunguka meza kusalimia wageni, akiburuta gauni, Timothy nyuma yake akimshikia ncha. Alipofika mlango wa jikoni alisimama. Hapakuwa na kitu mbele ya Bernardine isipokuwa kikombe cha maji.

"Mama," akasema, na safari hii hakuongeza jina. "Umekula?"

Bernardine alimwangalia usoni, mahali pale pale kwenye paji ambapo Habimana alikuwa na mkunjo akiwa na wasiwasi.

"Nimekula," akasema.

Joyeuse akaitikia kwa kichwa, akaenda, maana mpiga picha alikuwa anaita wazazi.