Safu Mbili za Mawe

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na hunijia hasa mchana wa jua kali, nikiwa nusu macho nusu usingizini. Nauona mto wetu wa mchanga, kule kusini mwa Mutomo, umelala mweupe kama unga uliomwagika. Naona vumbi limetulia hewani, halipandi wala halishuki. Halafu nasikia wanawake wakiimba kwa mbali, na mawe yakigonga mawe. Nikifumbua macho hakuna mtu, ni mimi na fimbo yangu na kuku wa jirani.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimeoa juzi tu. Mke wangu aliitwa Mbithe. Nilikuwa mnyapara katika kampuni ya uhandisi iliyojenga barabara na madaraja, na kofia ya kampuni sikuivua hata nikinywa uji. Usicheke. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini ukiwa nao hukuziba macho pia.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Mbithe alikuwa na mimba ya kwanza, na kila siku alitoka kwenda kuchota maji mbali sana, akarudi jua likiwa utosini, debe mgongoni, ukanda wa ngozi umemkata paji la uso. Nami nilikuwa namtazama, nikisema moyoni kwamba maji ni mambo ya wanawake. Ndivyo nilivyolelewa. Sijitetei.

Zahanati ya misheni nayo ilifulia bandeji kwa maji ya kubebwa. Basi pasta akamwendea injinia wa kampuni, wakazungumza, wakapatana. Kampuni itoe simiti, lori na mafundi wawili kwa majuma matatu, kabla ya mvua. Misheni itoe chakula. Kijiji kitoe mawe, mchanga na mikono. Tujenge ukuta wa kukatiza mto, mafuriko yalete mchanga nyuma yake, na maji yakae ndani ya mchanga huo mpaka kiangazi kipite. Jifya moja haliinjiki chungu, mwanangu, na hapo yalikuwa matatu. Injinia akanichagua mimi nisimamie, kwa kuwa ni kwetu.

Mikono ya kijiji kwetu ni mwethya. Shamba likikushinda, nyumba ikikushinda, unawaita majirani na wanakuja, leo kwako, kesho kwa mwingine. Sharti lake ni moja na hata mtoto analijua: aliyeita mwethya ndiye anayeshika kazi kwanza. Hasimami kando akitazama migongo ya wenzake.

Nikaita mwethya, na wanawake kama arobaini walikuja. Mbele yao alikuwa shangazi yangu Syokau, mjane mwembamba mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya mto. Yeye akianzisha wimbo, wengine wakiitikia, mawe yalishuka kutoka kilimani kama yanajitembeza yenyewe. Juma lile la kwanza lilipita kama ndoto tamu. Nilibeba nao, nilicheka nao, na jioni mafundi walisema hawajaona ukuta unaopanda upesi hivyo.

Jumatatu iliyofuata injinia alikuja kutazama. Hapo ndipo shetani wa kofia akanipanda. Nilitaka aone kwamba mimi ni mtu. Nikapanda juu ya jiwe kubwa, kipenga mdomoni, daftari mkononi. Nikapiga kipenga. Nikaanza kuwaita wanawake wale majina, mmoja mmoja, kila mmoja aitikie na kunyoosha mkono, nikianza na shangazi yangu.

Elewa jambo hili, mwanangu. Siku hizo wanawake hao hao walikuwa wakichimba matuta kwa amri ya chifu. Askari alisimama na daftari, akasoma majina, na asiyeitikia alitozwa mbuzi. Mama yangu mwenyewe alitozwa mbuzi siku aliyokuwa na homa. Nilimwona mbuzi akivutwa kwa kamba. Nilijua, na bado nilipiga kipenga.

Hakuna aliyeitikia. Shangazi alilishusha jiwe lake chini, pale pale aliposimama, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Wa pili akashusha lake. Kisha wote. Wakajifunga leso zao vizuri, wakaondoka, na hakuna aliyenitukana.

"Wamekwenda kula?" injinia akauliza.

"Ndiyo, bwana," nikasema. Uongo huo bado naujutia.

Alasiri nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta akichambua mahindi na maharagwe kwenye ungo. Alinipa kigoda, akanipa uji, maana adabu yake haikutegemea yangu. Nilipomaliza akasema bila kuinua macho:

"Mutua, kwa chifu tunakwenda kwa sababu ya hofu. Mtoni tulikwenda kwa sababu ya Mbithe na wengine kama yeye. Simiti ni ya kampuni, sawa. Ndiyo sasa na sisi ni wa kampuni?"

"Nimekosa, shangazi. Nifanye nini warudi?"

"Usije kutubembeleza. Nenda kabebe mawe. Macho tunayo."

Nikaiacha kofia nyumbani. Kesho yake nikabeba mawe kutoka kilimani hadi mtoni, peke yangu, nikipita kwenye milango yao. Mafundi walikaa kivulini wakinisubiri, kwa kuwa mtu mmoja halishi ukuta. Jua lilinipiga mpaka nikaona mto unaelea. Siku ya pili bega lilichubuka. Siku ya tatu sikujua tena kama natembea au nimelala, nilihesabu hatua tu na kuomba mvua ichelewe. Siku ya nne, nikiwa nusu njia, nikasikia wimbo nyuma yangu. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka utanyamaza. Nikalia, mwanangu, hivyo hivyo na jiwe begani, na machozi yalikuwa baridi usoni.

Tulifanya kazi kama watu wanaokimbia. Lakini siku nne zilikuwa zimekwenda, na siku hazirudishwi. Mvua ilishuka zikiwa zimebaki safu mbili za mawe ukuta ufike alama ya injinia. Mto ukajaa. Majuma matatu yakaisha, mafundi wakarudi darajani kwao, na kampuni ikahamia kwingine. Miaka ya baadaye tulijaribu kuongeza safu zile wenyewe. Mafuriko yakazichukua, maana simiti mpya haikuishika ile ya zamani.

Ukuta upo hadi leo. Watu wanausifu, na wana haki, kwa sababu miezi mingi ya mwaka unawapa maji. Ila kwa kukosa safu zile mbili, kila Septemba mchanga ulikauka, mpaka mvua za Novemba. Na kila Septemba Mbithe aliutoa ukanda wake kwenye msumari, akaenda kule kule mbali alikokwenda zamani. Hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu. Mwaka wa tatu nilishindwa, nikachukua debe langu nikamfuata. Wanaume wa sokoni walicheka mwanamume kubeba maji. Mbithe alipunguza mwendo tu ili twende sambamba.

Sasa sikiliza, maana sauti yangu inachoka. Ukipewa kuunganisha wenye mali na wenye mikono, usijifanye bwana wa wote wawili. Anayetoa simiti ametoa alichonacho kingi. Anayetoa mgongo wake ametoa alichonacho chote, basi mheshimu zaidi. Usimwite kwa kipenga mtu aliyekuja kwa moyo. Na ukikosea, usipeleke maneno, peleka bega, na upeleke mapema, kwa sababu makosa husamehewa lakini siku zilizopotea hulipwa na mtu mwingine asiyekosa.

Haya, nenda. Mungu akupe bega lisilochagua mzigo, na majirani wanaokuja bila kuitwa mara mbili. Na mwenzio wa nyumbani asibebe hata debe moja kwa ajili ya kiburi chako.