Farasi wa Kirumi Walivyogeuka Turffontein

Nilianza kazi Jumamosi moja nikiwa darasa la tisa, katika karakana ya mozaiki ya Mama Odile, Doornfontein, jiji moja na Soweto. Vijana mnaosoma haya mjue kwamba zamani hizo, yaani 2016, kazi haikuwa mchezo. Mama Odile, Mkurugenzi wetu, mtu wa Lubumbashi anayesali na mama yangu, alinikabidhi koleo la kukatia vigae akaniamuru nikate vijiwe vya mraba, vile ambavyo Warumi waliviita tesera. Kijiwe changu cha kwanza kiliruka kikatua ndani ya chai ya Fundi Mkuu.

"Huyu mutoto anapiga risasi," alisema Fundi Mkuu, Tonton Kasongo (tonton ni mjomba kwa Kifaransa chao), mdogo wake Mkurugenzi, akikitoa kwa kijiko. "Mumuweke mbali na madirisha."

Mwanzoni tulipamba kuta za bafu tu. Pomboo kwa mteja huyu, pomboo kwa yule, mpaka nikawa nawaota. Halafu nikapandishwa cheo kwa sababu simu yangu ilikuwa na data: nikawa Idara ya Picha, kazi yangu kutafuta mozaiki za kale za kuigwa. Hapo ndipo nilipopagawa.

Nilidhani Roma ni moja. Kumbe wapi. Italia, hasa bandarini, walipenda nyeusi na nyeupe, majini ya bahari yakiogelea kwenye sakafu kama vivuli. Upande wa Tunisia rangi zinakupigia kelele: simba, chui, wawindaji, mashamba ya matajiri na watu wakivuna. Syria ni miungu na hadithi za Kigiriki, nyuso zimetiwa vivuli mpaka unangoja zikusalimie. Uingereza, kwenye baridi yao, walimpenda Orfeo, mwanamuziki aliyezungukwa na wanyama wanaomsikiliza. Lakini chui wao, eish, fundi hakuwahi kumwona chui. Yule ni paka aliyevimba. Na Hispania walichora farasi wa mashindano na kuwaandikia majina yao.

"Roma iko Roma," alisema Tonton Kasongo. "Changanya yote."

"Tonton, mtu akikupakulia sombe, kisamvu chenu kile, juu ya pilau ya Zanzibar, akaviita chakula cha Afrika, utakula?"

Alifikiri. "Sombe yangu asiiguse."

Ndipo akaja Mzee Sipho. Alikuwa ameishi uhamishoni Morogoro enzi za makaburu, akarudi na mke Mtanzania na Kiswahili kinachotupita sisi wote. Alikuwa anafungua mgahawa karibu na uwanja wa farasi wa Turffontein, na alitaka sakafu yenye mashindano ya magari ya farasi ya Kirumi. Ilikuwa sakafu yetu ya kwanza.

"Akiikataa," Mkurugenzi alituambia, "tunarudia pomboo."

Hakuna aliyetaka pomboo, mimi hasa.

Sakafu kubwa tuliitengeneza hivi. Vijiwe hubandikwa kwa gundi ya unga kwenye karatasi, uso chini. Karatasi hubebwa, hukandamizwa kwenye saruji mbichi, kisha hubanduliwa. Picha hutokea imegeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo mchoro lazima ugeuzwe kwanza. Tonton Kasongo aliugeuza. Mkurugenzi, mtu makini, hakujua. Naye akaugeuza tena, ukarudi ulivyokuwa.

Tulipobandua karatasi Turffontein, saruji ilikuwa imeshashika. Magari ya Kirumi huzunguka kwa kushoto. Yetu yalikuwa yanazunguka kwa kulia. Nafuu yetu ni kwamba nafasi za majina ya farasi tulikuwa bado hatujazijaza, la sivyo yangesomeka kinyumenyume.

"Si niligeuza?" Tonton alinong'ona.

"Na mimi niligeuza."

Mzee Sipho aliingia, akaizunguka sakafu polepole. "Kwenye picha mliyonionyesha walikwenda kushoto."

"Ni kosa yetu, Papa," alisema Mkurugenzi. "Tutaivunja."

Niliwaona pomboo wakija. "Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Ulishaniamkia asubuhi."

"Mzee, Tunisia walichora simba wao. Waingereza wakachora paka na kumwita chui. Kila mahali walimchukua Mrumi wakamfanya wa kwao. Farasi wa uwanja wako hapo wanazunguka kwa mkono gani?"

Aligeukia dirishani, kama vile angeweza kuwaona. "Kulia."

"Basi."

"Kwa hiyo mmefanya makusudi?"

"Hapana, Mzee. Tumekosea vibaya sana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavua viatu, akawafuata farasi kwa soksi, mzunguko mzima.

"Msivunje," alisema. "Ila majina ya farasi nachagua mwenyewe."

Tonton Kasongo alikaa chini palepale kwenye ndoo ya saruji, na haikuwa tupu.

Sasa niko darasa la kumi na mbili na mama ameniamuru nistaafu nisomee matriki, mtihani wa kumaliza shule. Kustaafu kuna uchungu wake. Vidole havijui la kufanya, vinapanga hata punje za wali. Wiki iliyopita Mkurugenzi alinipigia simu: kanisa moja Soweto linataka sakafu, mchungaji amesema ya Kirumi tu, basi. Nikamwambia mimi ni mstaafu, ila kabla hajakata hata kijiwe kimoja, amuulize mchungaji: Roma ya wapi?