Nilimruhusu Moraa ashike jiwe darasani, mtihani ukamkuta mikono mitupu

Wakuu, salaam. Niliyoyaona nitayaeleza kama yalivyokuwa. Nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Mapema miaka ya sabini nilikuwa UT, yaani mwalimu asiyepitia chuo, katika shule moja ya msingi karibu na Tabaka. Ualimu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa makosa.

Hili ni kosa moja.

Darasa la saba, wale wa kufanya CPE, mtihani wa kumaliza msingi, nilikuwa na msichana aitwaye Moraa. Kila jaribio alikuwa wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Viboko alivizoea, vyangu vikiwemo.

Baba yake alichonga soapstone, lile jiwe laini la kwetu. Aliniambia wazi: "Mwalimu, akipita CPE ataenda Form One. Akianguka, kuna watu wa Nyaramba wameshauliza habari zake."

Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Alasiri moja nilipita kwao. Nikamkuta Moraa kando ya karai la maji, akisugua bakuli la jiwe kwa msasa, huku akimweleza mdogo wake somo langu la mito na maziwa. Hakuacha kitu. Somo lile lile ambalo darasani alinitazama tu.

Nikamwuliza kwa nini darasani hasemi.

"Darasani mikono yangu imelala, Mwalimu. Ikilala, na mimi nalala."

Kuanzia Jumatatu nikamruhusu ashike kipande cha jiwe, ukubwa wa yai, akisugue kwa kidole gumba huku akisikiliza. Wenzake walimcheka.

"Moraa, hilo yai utaliangua lini?"

"Siku utakayopata hesabu hata moja."

Kufikia muhula wa tatu alikuwa wa nne. Kiboko nilikiweka chini, kwake na kwa wote.

Sasa hapa ndipo ninapojilaumu. Wiki moja kabla ya mtihani niliwasomea masharti: penseli, kifutio, rula, basi. Niliyasoma kwa sauti, Moraa akiwa mbele yangu na jiwe mkononi.

Sikufikiri.

Siku ya mtihani, yaliyotokea ndani sikuyaona, maana sisi walimu wa shule tulikaa nje. Alinisimulia mwenyewe. Msimamizi, mtu mgeni, alimwuliza, "Nini hiyo?"

"Ni ya kufikiria."

Chumba kizima kikacheka. Jiwe likawekwa dirishani.

Alipotoka alilichukua, tukatembea pamoja hadi barabarani. Njiani, kidole kikisugua, akanitajia maswali ya hesabu na majibu yake, moja baada ya jingine. Yalikuwa sahihi. Kwenye karatasi hakuwa ameyaandika.

Alianguka. Mwaka uliofuata, mahindi hayajavunwa, alikuwa Nyaramba, mke wa mtu.

Nilikutana naye mara moja tu baadaye, sokoni Mosocho, mtoto mgongoni. Nikaanza kumwomba msamaha.

"Yaya, Mwalimu," akanikatiza, hapana hiyo ya Kikisii. "Jiwe lilinisaidia. Lakini ungeninyima hata siku moja kabla ya mtihani, tuone nitafanyaje bila hilo."



Wakuu, kumwonyesha mwanafunzi namna anavyojifunza vizuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumzoeza kuutumia uwezo huo mahali ambapo hakuna atakayemwelewa. Hiyo sikuifanya, na aliyeumia si mimi.

Walimu na wazazi mliomo humu, ninyi mngemzoeza vipi? Semeni, hata kwa ukali. Nauliza kwa sababu mpaka leo sina uhakika.