Bi Gunia na mkate wa watu mia nne

Saa kumi na mbili asubuhi, Bi Gunia ana unga hadi viwikoni na anamfokea mtu wa tanuri. "Moto huo ni wa kukausha nguo au wa kuoka? Ongeza, baba!" Jikoni wanacheka wote wanane, lakini moto unaongezwa.

Ndiye mwokaji mkuu wa duka hili la mikate. Miaka sita iliyopita alikuwa mfungwa.

"Niliiba mali ya ghala nililokabidhiwa. Sikusingiziwa," anasema bila kupepesa macho. "Nilifungwa miaka mitatu, nikaimaliza yote."

Gerezani alijifunza kuoka, akatoka na cheti chenye muhuri wa gereza. Hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza. "Ukionyesha cheti, umeonyesha na kesi. Usipoonyesha, wewe si fundi."

Alibisha hodi kwenye maduka kumi na moja ya mikate. Kwenye la saba waliusifu mkono wake, wakasoma karatasi, ghafla wakakumbuka kwamba nafasi imejaa. Siku hizo mama yake mzazi ndiye aliyemlisha, yeye na binti yake, kwa kufua nguo za watu. Inauma kumsikiliza akilisema hilo.

Kwenye duka la kumi na mbili, mwenye duka, mzee wa maneno machache, hakukigusa cheti. "Karatasi hailiwi, mwanangu. Ingia jikoni, nikandie unga kidogo nione."

Kidogo! Bi Gunia hakuwahi kukanda kidogo. Mikono ilifuata mazoea ya gereza, ikafungua gunia zima na kukanda mkate wa watu mia nne. Aliposhtuka, unga ulikuwa umeumuka, unafurika makarai.

"Nilitamani ardhi inimeze," anakumbuka. "Nikamwambia, Mzee, nisamehe, nimezoea kulisha jela."

Mzee anaangua kicheko akisimulia. "Nilikasirika! Nikamwambia basi oka wote, na uuze wote. Saa saba mchana rafu zilikuwa tupu, wateja wanagombana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Aliajiriwa siku ile ile, na jina likamganda. Mama yake ameacha kufua.

Mwezi ujao Mzee anafungua tawi la pili, na msimamizi ni Bi Gunia. Anatafuta watu wanne, wawili kati yao wawe wametoka gerezani. Je, fomu yake ya maombi ya kazi itauliza kuhusu kifungo?

"Itauliza. Sitaki mtu aanze kazi akijificha," anasema huku akipangusa meza. "Ataandika, nitasoma. Kisha nitamwambia anawe mikono, tukande."